Mjomba Hazimi Mbele ya Fundi

Lori halifi. Lori huuawa, na wauaji ni mafundi. Nasema hivyo nikiwa fundi mwenyewe, tena wa miaka mingi, kwa hiyo asininunie mtu. Ukiona lori kuukuu limelala uani, majani yameota mpaka kwenye magurudumu, ujue kuna mtu alikuja na spana, akabadilisha kilichokuwa kizima, akaacha kilichokuwa kibovu, akaenda zake kunywa chai.

Siku hiyo nilikuwa chini ya gari la mteja, mafuta machafu yananidondokea shingoni, simu ikalia. Alikuwa Mama.

"Kifungua mimba wangu," akasema. Nikajua kuna jambo, maana siku za kawaida naitwa "wewe" tu. "Njoo nyumbani. Mdogo wako anamuuza Mjomba."

"Anamuuza kwa nani?"

"Kwa Bwana Chakavu, yule mnunua vyuma. Kesho asubuhi anakuja na mtungi wa gesi kumkata."

Nikainuka ghafla, nikajigonga kichwa kwenye chasisi. Mjomba si mjomba wa damu, ni lori. Baba alilinunua likiwa limeshachoka, akalipa jina hilo kwa sababu, alisema, mjomba hamwachi mpwa wake njiani. Chini ya lori hilo ndiko nilikojifunzia ufundi, nikimshikia Baba tochi na kufokewa kila nilipoielekeza pengine. Baba alipofariki mimi nilirithi spana, mdogo wangu akarithi usukani. Mjomba ndiye aliyemwoza, ndiye anayewasomesha watoto wake, ndiye anayemfanya atembee kifua mbele. Kumkata Mjomba vipande vipande ni kumkata mdogo wangu miguu.

Nilifika nyumbani na ovaroli yangu hivyo hivyo. Mama akanitandikia gazeti kwenye kochi kabla sijakaa. Mama naye ni fundi, ila wa cherehani: anashona maturubai ya malori, viti, mabegi makubwa. Na Mama anafunika. Rimoti imevaa nailoni. Chupa ya chai imevaa koti. Makochi yana vitambaa, na vitambaa vina vitambaa vyake. Baba alikuwa akituonya tusikae tuli karibu na mke wake, tutashtukia tumeshavishwa foronya.

Mdogo wangu alikuwa ameinamia sakafu kama mtu aliyedondosha sindano.

"Kwa nini hukumleta kwangu?" nikaanza, hata salamu sikutoa.

"Kwako natengenezewa gari na kutukanwa juu yake," akasema. "Nikaona nitafute mahali pa kutengenezewa tu."

"Mficha uchi hazai!"

"Mimi nina watoto wanne, dada."

Mama akacheka, kisha akakumbuka kuwa tumo kwenye shida, akanyamaza. Nikamwambia mdogo wangu anieleze ugonjwa wote, asiruke kitu.

"Asubuhi anawaka vizuri," akasema. "Anavuta vizuri. Nikiufikia ule mlima wa kwenda kiwandani anaanza kukohoa, nguvu zinakwisha, kimya. Nakaa pembeni, namwita fundi. Fundi akija, anashika hiki na kile, Mjomba huyo anawaka! Hazimi mbele ya fundi, dada. Fundi ananitazama kama nimemwita kumfanyia mzaha."

"Wamefanya nini hao mafundi?"

"Wa kwanza alibadilisha filta. Wa pili akasema ni pampu ya kuvuta dizeli, nikanunua nyingine. Wa tatu akasafisha nozeli zote, akaniambia injini imezeeka, nimwache apumzike. Na kuna kitu sikielewi. Siku nikijaza tangi ndiyo anazima mapema. Nikiweka kidogo, mara nyingine anafika. Nikadhani nauziwa dizeli yenye maji. Nikabadilisha kituo. Wapi!"

Akapangusa uso kwa kiganja. "Tajiri wa saruji niliyekuwa nikimbebea mizigo hataki hata kuniona. Shemeji kanitafutia kazi. Kufungua geti." Alilitaja hilo geti kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Mama akasema.

"Mama, koleo hili linavunjika kila wiki."

Ilinichoma. Nilitaka kumfokea, lakini nilipomwangalia vizuri nikaona amekonda. Mashati yake yote Mama ndiye anayashona, na Mama hakosei vipimo, lakini hilo alilovaa lilikuwa likimpwaya mabegani.

"Nipe leo," nikasema. "Leo tu, mpaka jioni."

"Mpaka jioni. Akizima tena mlimani, kesho namkabidhi kwa Bwana Chakavu, na wewe usifungue mdomo."

"Sitafungua."

Mama akakohoa. Ananijua.

Mjomba alikuwa uani, mgongoni bado ana mawe ya msingi ambayo mteja wa mwisho aliyakataa kwa kuchelewa. Afadhali, lori linalozima likiwa na mzigo halipimwi likiwa tupu. Nikalala chini yake. Dawa nilikuwa nayo kichwani tayari. Injini ya dizeli ikivuta hewa badala ya mafuta huzima, hata mwanafunzi anajua. Nikalifuata bomba kwa kidole kutoka tangini mpaka kwenye pampu, kiungo kwa kiungo, na katikati nikakuta kimoja kimelowa. Nati ilikuwa haijakazwa sawasawa.

"Ona!" nikapiga kelele kutoka chini. "Hiki hapa kimekutoa jasho miezi yote! Watu watatu wenye macho mawili mawili!"

Nikaweka washa mpya, ile pete ya kuzuia mvujo, nikakaza, nikatoa hewa kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha, dizeli ikatoka safi. Kichwa kilinivimba, nisiseme uongo. Nilimhubiria mdogo wangu kuhusu thamani ya ndugu mpaka akaenda kusimama upande wa pili wa lori.

Tulipokuwa tayari Mama alilizunguka lori kama kawaida yake, akapapasa kamba za turubai, akaukaza mfuniko wa tangi la dizeli kwa mikono miwili, akaja dirishani.

"Polepole, baba," akamwambia mwanawe. Amemwambia hivyo kila asubuhi tangu siku ya kwanza aliposhika usukani.

Mjomba alivuta vizuri kupita madukani, kupita shule, kupita daraja. Mimi nilikuwa nikipiga mluzi. Tukaanza kupanda mlima, mdogo wangu akapunguza gia, na tulipofika kwenye kona yenye bango kuukuu Mjomba akakohoa. Akakohoa tena. Kisha kimya, breki, na jiwe chini ya gurudumu.

Mdogo wangu alikitazama kioo cha mbele tu. Afadhali angenitukana.

Nikashuka. Kama fundi yeyote nikaanza na tangi, nihakikishe dizeli ipo. Mfuniko ulikuwa mgumu, nikaufungua kwa nguvu huku malori mengine yakinguruma kupita karibu yetu. Dizeli ilikuwepo, tena tele. Nikaurudisha na kuukaza. Nikashika pampu ya mkono, nikasukuma kidogo.

"Jaribu!"

Akawaka mara moja.

"Ilikuwa hewa iliyobaki!" nikapaza sauti, nikarukia kitini. "Sasa imetoka yote!"

"Hivyo ndivyo wanavyosemaga wote," mdogo wangu akanijibu.

Tulipanda, tukakata kona nyingine, na kabla hatujaona kilele akazima tena.

Safari hii mdogo wangu aliweka paji la uso juu ya usukani. "Nimechoka, dada," akasema. "Nikishika usukani huu namkumbuka Baba. Yeye alilala kitandani kwake akafa, Mjomba akiwa mzima uani. Mimi kanikabidhi kitu kizima, nakiua. Naona aibu hata kupita kaburini kwake."

Nikampigapiga mgongoni, nikashuka kwa sababu nilikuwa karibu kulia na sikutaka anione.

Nikachukua spana, nikainama kwenye lile bomba. Halafu nikasimama. Nikajiuliza, hivi wewe fundi, kule chini ulifanya nini mpaka akawaka? Bomba hukuligusa. Nati hukuigusa. Ulisukuma pampu ya mkono mara mbili, na hiyo si dawa ya kitu. Ulichungulia dizeli tu. Na mafundi wale wote, kila walipoitwa njiani, walianza na nini? Walichungulia dizeli.

"Shuka," nikamwambia mdogo wangu. "Njoo usikilize, na usiguse kitu."

"Nisikilize nini?"

"Njoo!"

Tukasubiri malori yapite, barabara ikatulia. Nikaushika mfuniko wa tangi, nikauzungusha kidogo kidogo. Fyuuuuu! Upepo ulikuwa ukiingia, sio kutoka, tena ulikuwa ukikimbilia ndani kwa pupa. Mara ubavu wa tangi, ambao ulikuwa umebonyea ndani na hakuna aliyeuangalia, ukarudi nje kwa kishindo: bwang! Mdogo wangu aliruka mpaka mtaroni.

"Nini hicho?"

"Ugonjwa wako," nikasema. "Panda uwashe."

Akawaka mara moja.

Nikamweleza palepale, na kwa mara ya kwanza sikumtukana. Tangi likitoa dizeli lazima hewa iingie mahali pake. Ndiyo maana kila mfuniko una kitundu kidogo. Ukikiziba, injini inavuta, inavuta, tangi linajibana, mwisho dizeli haitoki tena. Ni sawa na kunyonya chupa mpaka ulimi unanaswa mdomoni mwa chupa. Ukifungua mfuniko hewa inaingia, mambo yanakuwa sawa, fundi anaondoka na sifa.

"Na nikijaza tangi..." akaanza.

"Ukijaza, hewa iliyomo ni kidogo, inaisha nguvu mapema. Ukiweka kidogo, hewa ni nyingi, unafika."

Akaketi juu ya jiwe. "Mungu wangu," akasema.

Nikaugeuza mfuniko. Chini yake kulikuwa na raba ya tyubu, imekatwa duara safi, imegandishwa kwa gundi, ukingo wake umeshonwa. Nikaichokonoa kwa bisibisi. Chini yake nyingine. Chini ya hiyo nyingine tena. Kila moja ilikuwa na uzi wake: wa bluu, mweusi, ule wa kahawia wa maturubai. Mishono midogo midogo, iliyolingana, hakuna hata mmoja uliopinda.

Wote wawili tunaujua mkono ule. Umetushonea mpaka sare za shule.

"Mfuniko wa zamani uliponipotea nilinunua huu," mdogo wangu akasema taratibu. "Aliponizimia mara ya kwanza nilirudi nikamwambia Mama dizeli ina maji. Akaniuliza yanaingilia wapi. Nikamjibu, labda mfunikoni. Basi akauchukua. Mara ya pili nikalalamikia vumbi, akauchukua tena. Mimi nilidhani anausafisha!"

"Kumbe mara ya kwanza ilikuwa ile nati iliyolegea, na tangu hapo kila ukizimiwa anaongeza raba."

"Na kila akiongeza, nazimiwa mapema zaidi."

Tulitazamana, tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka dereva mmoja akapunguza mwendo, akauliza kama tumepatwa na jambo. Tukampungia aende. Kisha mdogo wangu akaupitisha uzi wa bluu kwenye kidole na kicheko kikamkauka.

"Huu wa bluu ni wa ile siku niliyolala njiani," akasema. "Nilimkuta asubuhi yuko mlangoni na nguo za jana."

Hatukucheka tena. Nikachukua msumari na nyundo, nikatoboa mfuniko, raba na yote, nikaufunga. Mjomba akapanda mlima ule mpaka juu, akavuka kilele, akateremka upande wa pili. Tukageuza, tukaupanda tena kutokea huko, napo hakuzima. Juu kabisa mdogo wangu alipiga honi ndefu bila sababu, na machozi yalikuwa yanamchuruzika hadi kidevuni.

Kazi ikabaki moja.

"Mama tutamwambia nini?" akauliza tukiwa tunarudi.

"Pampu."

"Si mpya?"

"Basi hewa. Wala si uongo. Ilikuwa hewa."

"Sema wewe. Mimi uso wangu unasema kabla ya mdomo."

"Na mimi mdomo wangu unaujua ulivyo." Tukakubaliana kusema "hewa" na kukimbilia chakula.

Mama alikuwa uani kabla hatujazima injini. "Amezima?"

"Hakuzima, Mama. Ilikuwa hewa tu," nikasema haraka. Akainua mikono juu, akashukuru, akamshika mwanawe mashavu. Nilifikiri tumeponea chupuchupu. Lakini Mama ni Mama. Akaanza kulizunguka lori lake, akapapasa kamba, akafika kwenye tangi, akapitisha kidole juu ya mfuniko.

"Nani katoboa?"

Mimi nikaangalia tairi.

"Nauliza, nani katoboa kazi yangu? Tena kwa msumari! Tazama kingo zilivyochanika! Nyinyi watoto mmelelewa na nani?"

Tukanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikotuumbua. Mama hakuwa mjinga hata siku moja. Aliangalia tundu, akamwangalia mwanawe, akaniangalia mimi niliyekaa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Ilikuwa ni hii?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama, twende ndani kwanza..."

"Ilikuwa ni hii?"

"Ndiyo, Mama," mdogo wangu akasema. Akamweleza yote, taratibu.

Mama aliketi kwenye ngazi ya mlango wa lori. Akaigeuza mikono yake, akaitazama huku na huku. "Kila nilipoongeza..." akasema, hakumaliza. "Ningekupeleka getini, mwanangu. Kwa mikono yangu hii." Akalia. Sijawahi kumwona akilia hivyo tangu msiba wa Baba, na nilitamani tungesema ni pampu, tungesema ni majini, tungesema chochote.

Mdogo wangu akachuchumaa mbele yake. "Mama," akasema, "mafundi wamefungua kila kitu kwenye lori hili. Wametoa filta, wametoa pampu, wametoa nozeli. Kazi yako peke yake hakuna aliyeweza kuibandua. Hata hewa imeshindwa!"

Midomo ya Mama ilitikisika. Akajitahidi kukunja uso, akashindwa, akacheka, machozi na kamasi vyote pamoja, akampiga mwanawe kofi la begani.

Asubuhi Bwana Chakavu akafika na mtungi wake kwenye mkokoteni. Alimkuta Mama kibarazani, ule mfuniko upo mapajani.

"Karibu ukae," Mama akamwambia, "lakini mtungi uache hukohuko."

"Mama, nimemfuata mzee."

"Mzee kapata dawa."

"Chuma ni chuma, Mama. Leo kinapona, kesho kinaugua."

"Na wewe hujawahi kuugua ukapona? Mbona hatukukukata?"

Bwana Chakavu alicheka mpaka akashika nguzo. Akanywa chai, akachukua ile pampu ya zamani iliyotolewa bure, akasukuma mkokoteni wake akaenda zake.

Mama alibandua raba zote akaacha moja. Akalisafisha tundu langu la msumari kwa shazia, ile sindano yake nene ya maturubai, akatia kijipete cha shaba kama vile vya kupitishia kamba, akakigonga kikakaa. Juu yake akashona kipande cha kitambaa chepesi, maana Mama kuacha kufunika hawezi. Akanipa niupime. Nikapuliza, pumzi ikapita bila shida. Nilitafuta kasoro, na mimi kasoro huwa nazitafuta kweli, sikuiona.

Tajiri wa saruji, baada ya kubembelezwa sana kwenye simu, alikubali kwa shingo upande: safari moja, na ikichelewa iwe ya mwisho. Tukapakia. Mdogo wangu akawasha. Mama akatoka na kibegi chake kilichovaa nailoni, akaniambia, "Sogea." Hakuwahi kuupanda mlima ule kwa lori lile, hata enzi za Baba. Akakaa katikati yetu, magoti pamoja, macho mbele.

Tulipita madukani, tukapita shule, tukapita daraja, tukaanza kupanda. Kwenye kona ya lile bango kuukuu mguu wa mdogo wangu ukalegea wenyewe, na macho yake yakaanza kutafuta mahali pa kuegesha. Hata mimi niliushika mlango.

"Mbona unapunguza?" Mama akauliza.

"Hapa ndipo huwa anazima, Mama."

"Najua ni hapa," akasema. "Kanyaga, baba."

Mdogo wangu akakanyaga.